Maongezi Niliyoyakata kwenye Video

Wanafunzi walikuwa hamsini na wawili, na mkono wa plastiki ulikuwa mmoja. Ndivyo nilivyoyakuta mambo nilipoanza kufundisha utabibu kwenye chuo kimoja cha Musoma. Mkono wenyewe ulianzia begani hadi vidoleni, rangi ya andazi lililoungua kidogo, na ndani yake mlipita mirija tuliyoijaza maji mekundu ili mwanafunzi akichoma vizuri aone damu. Niliuweka mezani, wanafunzi wakauzunguka, nikaanza kuwaonyesha namna ya kuchukua damu kwa mgonjwa. Wa mbele waliinama. Wa katikati walipanda kwenye viti. Wa nyuma kabisa walibaki kuangalia migongo ya wenzao.

Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali. Binti mmoja mfupi, mtoto wa wavuvi wa Murangi, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi nimeona kiwiko chako tu."

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani maneno yale hayakuniacha. Hawa watu baada ya miaka mitatu watakuwa peke yao kwenye zahanati, huko ambako daktari wa karibu yuko mwendo wa saa mbili kwa pikipiki. Siwezi kuwapeleka huko wakiwa wameona kiwiko changu.

Ndipo lilipokuja wazo la video. Kila mwanafunzi, au karibu kila mmoja, alikuwa na simu. Darasa lilikuwa na kundi lake la kutumiana ujumbe, ambalo hadi wakati huo kazi yake kubwa ilikuwa utani na matangazo ya mpira. Nikasema, nitarekodi somo, nitawatumia, kila mtu atauona mkono kana kwamba amesimama mbele kabisa, na ataurudia mara ishirini akitaka.

Video ya kwanza nilijirekodi mwenyewe. Niliitazama mara moja tu. Kichwa changu kilikuwa kimeziba nusu ya meza, na sauti ilikuwa ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Wanafunzi walinishukuru kwa adabu, wakarudi kwenye mpira. Mkuu wa idara yetu, mtu asiyependa maneno mengi, aliitazama hadi mwisho akanirudishia simu. "Sauti yako waachie redio," alisema. "Tafuta mtu ambaye mikono yake ndiyo inaongea."

Sikuhitaji kutafuta. Nilimjua mtu huyo tangu zamani.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipelekwa mazoezini kwenye kituo cha afya Butiama, na muuguzi mkuu wa pale alikuwa mama mmoja mrefu, mzaliwa wa Kiriba, aliyeolewa Butiama akabaki huko. Kijita ndiyo lugha aliyozaliwa nayo, Kizanaki alijifunzia kwa wagonjwa, na Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na vyote viwili. Mgonjwa wangu wa kwanza kumchoma sindano alikuwa mwanamke mwenye homa, ametulia, hana neno. Nilimchoma mara ya kwanza, nikaukosa mshipa. Nikamchoma mara ya pili, nikaukosa tena. Pamba ikaniponyoka ikaanguka. Yule muuguzi alikuja taratibu, na tofauti na wengine wote niliokutana nao baadaye, hakuninyang'anya sindano. Aliweka kiganja chake chini ya kiwiko changu, akakishikilia kama mtu anayemshikilia mtoto anayejifunza kutembea.

"Acha kwanza kuangalia, mwanangu," aliniambia. "Gusa. Ukishaupata kwa kidole, ndio uangalie."

Nikaupata. Tangu siku ile nimechukua damu kwa watu nisioweza kuwahesabu, na mara nyingi bado nahisi kile kiganja chini ya kiwiko.

Nilipompigia simu kumweleza habari ya video, aliuliza, "Sasa hiyo video nitavaa nini?"

Nilipofika Butiama Jumamosi iliyofuata nilimkuta amevaa sare iliyopigwa pasi hadi mikunjo inasimama, nywele zimesukwa upya, saa ya kifuani inang'aa. Mgonjwa wetu alikuwa mlinzi wa kituo, mzee mchangamfu ambaye alikubali kuchomwa bila hata kuombwa mara mbili, na ambaye naye alikuja amenyoa ndevu. Simu niliifunga kwa plasta kwenye stendi ya kutundikia dripu. Tulifungua dirisha ili mwanga uingie, na pamoja na mwanga wakaingia kuku wawili.

Alifanya kazi yake kama alivyokuwa akiifanya siku zote. Alimsalimia mzee kwanza, akamwomba ruhusa, akamweleza atakachofanya. Alifunga mpira wa kubana mkono vidole vinne juu ya kiwiko. Alipapasa, akasafisha kwa spiriti, akasubiri ikauke. Alichoma. Sikuona hata mzee akikunja uso. Wakati wote alikuwa anaongea naye, mara Kiswahili, mara Kizanaki, na mzee anajibu, na kuku nao wanachangia. Video ilipokwisha ilikuwa na dakika kumi na moja.

Dakika kumi na moja zilikuwa nyingi mno. Wanafunzi wangu wakienda likizo vijijini mtandao huwa wa kubahatisha, na video nzito haifunguki. Nilijiwekea dakika tatu, nikakaa kwenye kompyuta kuanza kukata. Nilikata kuku. Nilikata mama aliyefungua mlango kuuliza siku ya chanjo. Nilikata kikohozi cha mlinzi. Na palikuwa na sehemu moja, baada ya damu kutoka, ambapo muuguzi alimuuliza mzee, "Mwaka huu umelima nini, baba?" na mzee akaanza habari ndefu ya mtama, na ndege, na jirani ambaye mbuzi wake hawana adabu. Nikasema moyoni, mtama hauhusiani na damu. Nikakata yote, nikaunganisha vipande, nikatuma.

Video ile walivyoipenda! Siku mbili baadaye nilipita karibu na bweni la wavulana nikasikia sauti yake ikitoka kwenye madirisha matatu kwa wakati mmoja. Walimwita Bibi. Waliiga sauti yake ya "pole baba, kidogo tu, kidogo tu," wakaambiana hivyo hata kwenye foleni ya chakula. Kwenye chumba cha mazoezi waliuzunguka ule mkono wa plastiki kwa zamu, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, na mtu akikosea wenzake wanamrudisha: Bibi hafanyi hivyo. Nilijisikia mwalimu kamili. Nilimpigia simu nikamwambia amekuwa mtu maarufu Musoma, naye akacheka, akauliza kama nywele zimeonekana.

Kabla ya kuruhusiwa kumgusa mgonjwa wa kweli, wanafunzi hupimwa kwa mtihani wa vitendo. Mwaka ule ulifanyika Bunda, kwenye hospitali ambako walikuwa waanze mazoezi. Kila somo lilikuwa na meza yake, na mimi nilikaa kwenye meza ya kuchukua damu pamoja na msimamizi aliyetoka chuo kingine, daktari wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni.

Mwanafunzi wa kwanza aliingia kwa kujiamini. Alisalimia mkono wa plastiki, akauomba ruhusa, akafunga mpira vidole vinne juu ya kiwiko, akapapasa, akasafisha, akasubiri. Msimamizi alinitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwanafunzi akachoma, maji mekundu yakaingia kwenye bomba la sindano. Kisha akachomoa sindano.

Mpira ulikuwa bado umefungwa.

Maji mekundu yaliruka kutoka kwenye tundu yakalowesha kitambaa cha meza na karatasi ya msimamizi. Asiyejua kazi hii aelewe hivi: mpira ule unazuia damu isirudi, mshipa unajaa. Ukichomoa sindano kabla ya kuulegeza, damu inasukumwa nje, au inavilia chini ya ngozi na mkono unavimba. Ni kosa la kumfelisha mtu.

"Wasiwasi wa mtihani," nilisema.

Wa pili akafanya vilevile. Wa tatu vilevile. Kila mmoja kwa ustadi uleule, sauti ileile ya upole, na kila mmoja akachomoa sindano mpira ukiwa umekaza. Tulibadilisha kitambaa mara mbili. Alipotoka wa sita, msimamizi alivua miwani.

"Mwalimu, kwenu mnafundishaga hivi?"

"Hapana, daktari. Kwenye notisi ipo. Darasani nimeisema."

"Umeisema. Wao wameiona wapi?"

Nilijua walikoiona, ila sikuamini. Yule mama hawezi kusahau mpira. Je, alisahau? Mbona sikumbuki mkono wake ukiulegeza?

Wa tisa alikuwa yule binti wa Murangi. Ilibidi tumpe kibao cha kusimamia. Alifanya kila kitu kama wenzake, hadi maji mekundu yakaingia kwenye bomba. Hapo akauinamia ule mkono wa plastiki, akauuliza kwa sauti ya heshima kabisa:

"Mwaka huu umelima nini, baba?"

Na huku anauliza, mkono wake wa kushoto ukaulegeza mpira. Akaweka pamba, akachomoa sindano, akakandamiza. Hakuna tone lililotoka.

Msimamizi aliangua kicheko hadi akashika meza. Mimi sikucheka. Palepale nilielewa nilichokikata.

Nilimfuata binti nje. "Hilo swali la kilimo umelitoa wapi? Kwenye video halipo."

"Video mimi sikuiona, mwalimu," alisema, akiogopa kidogo. "Simu yangu iliangukia ziwani tukiwa tunavuka. Nina shangazi Butiama, kwa hiyo Jumamosi mbili nikaenda kwa Bibi mwenyewe. Nikampelekea samaki, furu wakavu. Yeye huwaga anauliza hivyo kila mgonjwa, akifika hapo."

Nilirudi ndani nikamweleza msimamizi ukweli wote, kwamba kosa si la wanafunzi wala la muuguzi, ni la mkasi wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaamua kwamba meza yetu irudiwe baada ya wiki mbili, na mpaka hapo asiruhusiwe mtu kumgusa mgonjwa, isipokuwa yule binti. Ilikuwa haki. Nilipowatangazia wanafunzi, hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Wengine walikuwa tayari wameshapiga simu nyumbani kuwaambia wamefaulu.

Habari mbaya hazingojei mtu apande pikipiki. Kabla sijampigia yule mama, muuguzi mmoja wa Bunda alikwisha kumpigia, na habari ilivyofika Butiama ilikuwa fupi: Bibi wa kwenye simu alisahau kulegeza mpira, amefelisha darasa zima.

Nilikwenda Jumapili mchana. Alikuwa ametoka kanisani, amekaa barazani kwake anachambua mchicha. Alinikaribisha kiti, akaniletea maji ya kunywa, akauliza habari za Musoma. Lakini aliniita "mwalimu." Miaka yote ile alikuwa ananiita mwanangu.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini, mwalimu? Wanasema mimi ndio nimesahau."

"Hukusahau. Nina video yote, nimekuja nayo."

Nilifungua kompyuta mapajani, nikaweka ile ya dakika kumi na moja. Alifuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani, akasogea. Tulipita kuku, tukapita mama wa chanjo. Tulipofika kwenye swali la kilimo akaweka kidole kwenye kioo. "Huo hapo," alisema. Mkono wake wa kushoto, pembeni kabisa ya picha, uliuvuta mpira ukafunguka kwa wepesi kiasi kwamba hata sasa, nikijua wa kutazama wapi, nusura unipite.

Kisha nikamwonyesha ile ya dakika tatu. Mpira umefungwa, picha inaruka, pamba iko juu ya ngozi. Aliitazama mara mbili.

"Kwa hiyo ulinikata nilipokuwa naongea."

"Ndiyo, mama."

"Uliona napiga porojo."

Niliinamisha kichwa. Alirudi kwenye mchicha wake. Kisha akaanza kuongea bila kunitazama.

"Nilipoanza kazi nilikuwaga na haraka sana. Nilikuwa msichana, nataka wote waone mimi ni hodari. Siku moja nikachukua damu kwa mama mmoja mjamzito, nikachomoa sindano bila kulegeza. Mkono wake ukavimba, ukawa mweusi mpaka hapa." Aligusa katikati ya mkono wake. "Yule mama alirudi wiki nzima kuja kuwekewa kitambaa cha maji baridi, na kila akija ananiambia pole mwanangu. Yeye ndio anaumwa, mimi ndio napewa pole. Basi nikasema hii sitaisahau tena. Nikachagua swali. Damu ikishajaa, namuuliza mtu amelima nini. Nikiuliza, mkono unaenda wenyewe. Hata nikiwa nimechoka, hata nikiwa na msiba. Na yeye mgonjwa akijibu, macho yake yananiangalia mimi, hayaangalii sindano."

"Hukuwahi kuniambia hivyo, mama."

"Na wewe hukuwahi kuuliza. Ulijua tu bibi anapenda maneno."

Nikamwambia nitawaandikia wanafunzi na kila aliyeipata video ile, niseme wazi kosa ni langu. Akasema hiyo ni sawa, ila haitoshi. Aliweka ungo chini.

"Simu yako ina chaji?"

"Ina chaji."

"Basi twende kituoni turudie. Mzee wa watu hatuwezi kumchoma tena kwa makosa yako. Leta mkono wako mwenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Mlinzi wetu aliyetolewa kwenye uigizaji alishika simu, akiwa amekasirika kidogo, na mimi nikaketi kwenye kiti cha mgonjwa. Alinifunga mpira, akanipapasa. Alipogusa mshipa alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Una mshipa mzuri kama kamba ya kufungia ndama," alisema. Sikuhisi sindano. Damu ilipojaa, akaniangalia usoni.

"Mwaka huu umelima nini, baba?"

Na mimi, mwalimu mzima, nisiye na hata tuta la mchicha pale Musoma, nikasema, "Sijalima, mama." Akacheka hadi mabega yakatikisika, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umeshamaliza kazi yake. Alipokandamiza pamba alisema, "Shika hapo mwenyewe, mwanangu," na nadhani niliishika pamba ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Video hiyo ina dakika sita na sekunde kadhaa. Sikukata kitu. Wa vijijini walilalamika kwamba ni nzito, wakasubiri siku za kwenda mjini ndipo wakaifungua. Chini yake niliandika kwamba ile ya kwanza ifutwe, na kwamba aliyeharibu ni mwalimu wao. Jibu la kwanza lilitoka kwa yule binti wa Murangi, aliyekuwa ameazima simu ya mwenzake: "Mwalimu, ulime basi."

Mtihani uliporudiwa Bunda, wote walifaulu meza yetu isipokuwa wawili, na hao wawili kwa makosa yao wenyewe. Wengi waliuuliza ule mkono wa plastiki umelima nini. Mmoja, kijana wa mjini kutoka familia ya mafundi cherehani, aliuuliza umeshona nini, na msimamizi akampa alama zote.

Sasa miaka imepita. Yule mama amestaafu, na chuo kimemwomba awe anakuja Musoma mara moja kwa mwezi. Hakuna video inayotoka kwetu kabla hajaiona. Anakaa kwenye kiti kilichoko karibu na dirisha, miwani puani, chai ya rangi pembeni, na neno lake kubwa ni "rudisha nyuma." Nimewahi kurudisha nyuma kipande cha sekunde nne mara kumi na moja.

Juzi tulikuwa tunarekodi namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Nilikuwa nimemlaza mwanasesere wetu mezani, nimeshika kifaa cha kumpulizia hewa, nimeanza vizuri kabisa, shingo imekaa sawa, barakoa imeziba mdomo na pua. Akanyoosha kidole.

"Simamisha. Kichwa cha mtoto kiko wazi."

"Mama, ni mwanasesere."

"Ndiyo, na amelowa, ametoka kuzaliwa sasa hivi. Anasikia baridi."

Wanafunzi walionisaidia kushika taa walinitazama waone nitafanya nini. Nikatafuta kitambaa, nikamfunika kichwa, tukaanza upya.